Alamu ya Gari Inapolia Ovyo, Inapomaliza Betri au Inapolizuia Gari Kuwaka: Dalili, Vyanzo na Namna ya Kuchagua Nyingine

Mmiliki wa gari ambaye alamu yake imelia saa tisa usiku kwa mara ya nne ndani ya wiki moja huja gereji na ombi moja tu, kwamba ing'olewe yote. Ninaielewa hasira yake, hasa ikiwa majirani wamekwisha kumsema, lakini kwa miaka ambayo nimefanya kazi ya umeme wa magari hapa Dar es Salaam nimeona kwamba kisanduku chenyewe cha alamu ni nadra kuwa na kosa. Kinachokosea ni kiungo cha waya kilichosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu, waya wa ethi (ule unaorudisha umeme kwenye bodi la gari) uliobanwa juu ya bati lenye rangi, sensa iliyobandikwa kwa gundi, au swichi ya boneti iliyoliwa na kutu. Kwa sababu hiyo ninaanza na dalili na vyanzo vyake, kisha ndipo nije kwenye kuchagua na kufunga alamu ya bei nafuu, kwa kuwa mtu aliyekwisha kuona mahali ambapo alamu huharibikia ndiye anayejua cha kutazama anapofika kwenye maduka ya vipuri ya mtaa wa Gerezani.

Kabla ya kugusa waya wowote

Alamu ya kawaida ina kisanduku kinachosubiri taarifa kutoka kwenye swichi za milango, boneti na buti, kutoka kwenye sensa ya mtikisiko, na kutoka kwenye waya wa swichi ya kuwashia gari. Taarifa ikifika wakati alamu imewashwa, kisanduku hutoa amri kwa king'ora, kwa taa za indiketa, na kwa rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, inayokata umeme wa stata, ile mota inayozungusha injini ili iwake. Kwa hiyo kila dalili huangukia upande mmoja kati ya mbili: ama taarifa ya uongo imeingia, ama amri ya kweli haikufika ilikokusudiwa. Ukilitenga hilo mapema, nusu ya kazi imekwisha.

Muulize mwenye gari ilikuwa saa ngapi, kama kulikuwa na mvua au umande, gari liliegeshwa wapi, na nini kilifungwa au kutengenezwa katika gari hilo siku chache zilizotangulia. Swali la mwisho halipaswi kurukwa kamwe, kwa maana redio mpya, taa za ziada au kamera ya nyuma huunganishwa mara nyingi kwenye waya zilezile ambazo alamu inazitegemea. Itazame pia ile taa ndogo ya deshibodi inayomwekamweka. Alamu nyingi, hata za bei ya chini, hukumbuka kilichozichokoza, na unapoizima kwa rimoti baada ya kulia, taa hiyo humweka idadi fulani ya mara: idadi moja kwa mlango, nyingine kwa boneti, nyingine kwa sensa. Maana ya kila idadi imeandikwa katika kijitabu cha alamu, na ndiyo sababu nawasihi wateja wakitunze pamoja na kadi ya gari.

Alamu inalia yenyewe

Sensa ya mtikisiko ndiyo inayoshukiwa zaidi, na kwa bahati nzuri ndiyo rahisi kuipima. Pembeni mwake kuna skrubu ndogo ya kuongeza au kupunguza wepesi wake wa kuhisi. Sensa iliyowekwa kwenye kiwango cha juu kabisa itachokozwa na lori la kontena linalopita Barabara ya Mandela, na bodaboda yenye ekzosi iliyotobolewa, na radi ya masika, na spika za sherehe ya mtaa wa pili. Izungushe skrubu robo mzunguko tu kwa kila jaribio, washa alamu, subiri nusu dakika ili mfumo utulie, kisha gonga gari. Ikilia kwa kofi jepesi la kiganja juu ya paa, ipunguze zaidi. Ikikaa kimya kwa kofi hilo lakini ikalia kwa pigo la upande wa ngumi kwenye nguzo iliyo kati ya milango miwili, iache hapo hapo.

Ikiwa umeipunguza na bado inalia, usiendelee kuizungusha skrubu mpaka sensa ikawa kiziwi, bali tazama ilivyofungwa. Niliwahi kuletewa Toyota IST kutoka Tabata ambayo haikuwa ikilia usiku hata kidogo, bali kila siku kati ya saa sita mchana na saa kumi, ikiwa imeegeshwa juani ofisini kwa mwenyewe. Mama huyo alikuwa amekwisha kununuliwa sensa mbili mpya kwingine. Nilipofungua plastiki iliyo chini ya usukani nilikuta alama mbili za tepu ya gundi, moja juu ya nyingine, na sensa ya tatu ikining'inia kwa waya zake kama kengele, kipande cha tepu iliyolainika kikiwa bado kimeng'ang'ania mgongo wake. Joto la mchana ndani ya gari lililofungwa vioo liliilegeza gundi, sensa ikaanguka, na kila gari lilipotikiswa na upepo ikagonga chuma cha usukani. Niliifunga kwa skrubu mbili kwenye chuma cha deshibodi, si kwenye plastiki, nikaiweka kwenye kiwango cha kati. "Fundi, kumbe zilihitajika skrubu mbili tu?" aliniuliza, na nikamjibu, "Ndiyo, mama, na sensa ya kwanza ilikuwa nzima."

Alamu inayolia usiku wa manane au alfajiri, na hasa baada ya mvua au baada ya gari kuoshwa, ina chanzo tofauti, nacho ni unyevu kwenye swichi. Hapa pwani hewa ina chumvi, na swichi ndogo ya boneti, inayokaa mahali panapopitiwa na maji yote yanayotoka kwenye kioo cha mbele, huanza kushika kutu ndani ya muda mfupi. Katika magari mengi ya Kijapani swichi ya mlango au boneti hufanya kazi kwa kuunganisha waya na ethi pale mlango unapofunguliwa. Kutu yenye unyevu inaweza kufanya kazi hiyohiyo mlango ukiwa umefungwa, na kisanduku kikaamini kwamba mtu ameinua boneti. Ujenzi huu unatupa kipimo rahisi, kwa sababu ukiuchomoa waya wa swichi hiyo alamu itadhani boneti imefungwa daima. Uchomoe, uuvike tepu ncha yake, uliache gari kwa siku mbili tatu. Kukipatikana utulivu, umempata mkosaji. Swichi yenyewe haina bei kubwa, na ni vyema kuweka mpya na kuipaka grisi kuliko kuikwangua ya zamani kwa msasa. Swichi za milango zichunguzwe vivyo hivyo, moja baada ya nyingine, na mpira wake ukiwa umepasuka ubadilishwe.

Kuna vyanzo vingine viwili ambavyo mafundi wengi hawavifikirii. Baadhi ya alamu huhisi kushuka kwa ghafla kwa umeme wa betri, zikichukulia kwamba taa ya ndani imewaka kwa sababu mlango umefunguliwa. Alamu ya namna hiyo italia dakika chache baada ya kuegesha gari ambalo feni yake ya rejeta huendelea kuzunguka baada ya injini kuzimwa. Kama kijitabu kinaruhusu, zima kipengele hicho na utumie waya za milango peke yake. Chanzo cha pili ni king'ora chenye betri yake ndani. Betri hiyo ndogo huzeeka, na ikifa, king'ora huweza kudhani waya wake umekatwa, kikalia chenyewe wakati taa za indiketa hazimweki na rimoti haikinyamazishi. Dalili hiyo, ya sauti bila taa, huelekeza moja kwa moja kwenye king'ora. Kizime kwa ufunguo wake mdogo, kisha kibadilishe.

Betri imekwisha asubuhi

Usianze na alamu. Pima kwanza betri yenyewe gari likiwa limelala: volti 12.6 ni betri iliyojaa, na volti 12.2 ni betri iliyobakiwa na karibu nusu ya nguvu yake. Washa injini upime tena. Altaneta, yaani mtambo unaochaji betri injini ikiwaka, ikiwa nzima inapaswa kutoa kati ya volti 13.8 na 14.5. Ikiwa inatoa 12.8, betri haichajiwi ipasavyo, na hata ukiing'oa alamu yote gari litaendelea kukuacha njiani.

Vipimo hivyo vikiwa sawa, ndipo unapima umeme unaovuja. Zima kila kitu, fungua waya wa hasi wa betri, na uweke mita ya kupimia umeme kati ya waya huo na kichwa cha betri, mita ikiwa kwenye kipimo cha ampea 10. Usijaribu kuwasha injini mita ikiwa hapo, kwa kuwa umeme wa stata utaichoma. Funga milango, subiri dakika 20 hadi 30 ili kompyuta za gari zilale, kisha soma. Gari zima lenye alamu nzuri linapaswa kula chini ya miliampea 50, na katika hizo alamu peke yake huchukua sehemu ndogo, takriban 10 hadi 20. Ukiona miliampea 200, hesabu ni nyepesi: ndani ya saa 24 gari linakula karibu ampea-saa 5, na betri ndogo ya ampea-saa 40 itafika nusu kwa siku nne hata ikiwa mpya. Gari linaloachwa uwanja wa ndege kwa safari ya wiki moja halitawaka.

Chomoa fyuzi moja baada ya nyingine ukiitazama mita. Ikishuka ulipochomoa fyuzi ya alamu, chunguza rilei zake kabla ya kisanduku. Rilei ya kukata stata iliyofungwa vibaya, ambayo hubaki imevuta muda wote alamu inapokuwa imewashwa, peke yake hula zaidi ya miliampea 100, na utaitambua kwa kuigusa, kwa maana itakuwa na joto. Ikiwa mita imeshuka ulipochomoa fyuzi ya redio au ya taa ya ndani, alamu imesingiziwa.

Rimoti haifanyi kazi, au inafanya kazi ukiwa karibu tu

Rimoti nyingi za alamu za kufungwa hapa zinatumia betri ndogo ya volti 12 iitwayo 27A au 23A, na nyingine zinatumia sarafu ya volti 3 kama CR2032 au CR2016. Pima betri hiyo wakati kitufe kimebonyezwa, kwa sababu betri chovu huonyesha volti nzuri ikiwa haina kazi. Betri ikiwa nzima, ifungue rimoti utazame vibati vinavyoishika. Jasho la mfukoni na chumvi ya pwani huvifanya vyeusi, na kipande cha kitambaa chenye spiriti hutosha kuvirudisha.

Kama masafa yamepungua kwa rimoti zote mbili, tatizo liko ndani ya gari, na chanzo cha kawaida ni waya mwembamba wa antena uliokunjwa na kufungwa pamoja na furushi la waya nyingine. Urefu wake haukuchaguliwa ovyo. Kwa mfumo wa megahezi 433.92 robo ya wimbi ni takriban sentimita 17, na kwa wa megahezi 315 ni takriban sentimita 24. Fundi anayeukata ili upendeze, au anayeurefusha akidhani anaongeza nguvu, anaipofusha alamu. Unyooshe, uutenge na vyuma, na uuinue juu kadiri deshibodi inavyoruhusu.

Rimoti inayogoma mahali pamoja tu, kwa mfano kwenye maegesho ya jengo fulani, lakini ikafanya kazi ukilisogeza gari mita mia, inazidiwa na chombo kingine kinachorusha mawimbi hayohayo, kama rimoti ya geti iliyonata kitufe. Hapo ninaomba usikilize kwa makini, kwa sababu mwizi anaweza kufanya jambo hilohilo makusudi: anazuia wimbi lako wakati unabonyeza, wewe unaondoka ukiamini umefunga, naye anafungua mlango bila kuvunja chochote. Usiondoke mpaka umeona indiketa zimemweka na umevuta kitasa kwa mkono.

Mtoto akichezea rimoti nyumbani na kuibonyeza mara nyingi mbali na gari, huenda gari likaacha kuitambua. Mifumo yenye namba ya siri inayobadilika hukubali kutangulia kidogo. Katika mfumo wa KeeLoq, uliobuniwa Afrika Kusini na kununuliwa na kampuni ya Microchip ya Marekani mwaka 1995, kipokezi hukubali mibonyezo hadi 16 iliyotangulia, na zaidi ya hapo hutaka rimoti ibonyezwe mara mbili mfululizo ukiwa karibu. Kwa hiyo jaribu hivyo kabla ya kulipia kuisajili upya.

Gari haliwaki, au linazimika

Sikiliza kwanza. Kama stata haizunguki kabisa lakini taa za deshibodi zina nguvu, shuku rilei ya kukata stata. Kama stata inazunguka lakini injini haishiki, shuku kwamba aliyeifunga alamu alikata waya wa pampu ya mafuta au wa kuwasha cheche. Kama taa zenyewe zinafifia unapogeuza ufunguo, hiyo ni betri au kichwa chake kilicholegea, na alamu haihusiki.

Rilei ya kawaida ina miguu iliyoandikwa 30, 85, 86, 87 na 87a. Ikiwa imefungwa vizuri, waya wa stata hupita kati ya 30 na 87a, mahali panapokuwa pameungana rilei ikiwa imelala, yaani haijapewa umeme, hivyo hata alamu ikifa gari litawaka. Aliyetumia 87 amelifanya gari kuwa mateka wa kisanduku. Ili kupima, chomoa rilei na uunganishe 30 na 87a kwa kipande cha waya mnene. Gari likiwaka, badilisha rilei na uchunguze soketi yake kama ina weusi wa kuungua, kwa sababu kiungo kilicholegea hupata joto na kuyeyusha plastiki.

Gari linalozimika likiwa barabarani ni suala la usalama wa maisha, nami silifanyii mzaha. Kifaa chochote cha kukata kilichowekwa kwenye pampu ya mafuta au kwenye cheche kinaweza kukata wakati wowote kiungo chake kikilegea, na injini ikizimika kwenye mteremko au katikati ya malori ya Barabara ya Morogoro, usukani unakuwa mzito na breki hupoteza msaada wake baada ya kukanyagwa mara chache. Ninashauri alamu ikate stata tu. Stata ikikatwa, gari lililokwisha kuwaka haliwezi kudhurika.

Ukipoteza rimoti, kuna kitufe kidogo kilichofichwa ambacho, ukigeuza ufunguo hadi taa za deshibodi ziwake kisha ukakibonyeza kwa namna iliyoelezwa kwenye kijitabu, huizima alamu. Kila mwenye gari anapaswa kujua kilipo tangu siku ya kwanza.

Mlango unafunguliwa na alamu inakaa kimya

Katika magari kadhaa waya wa swichi ya mlango wa dereva umetengwa na wa milango mingine, na fundi mwenye haraka huunganisha mmoja tu. Jaribu kila mlango peke yake. Waya hizo mbili zinapaswa kuunganishwa kwenye alamu kupitia dayodi, kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, la sivyo gari litachanganya taarifa zake na taa ya onyo ya mlango wa dereva itawaka hata unapofunguliwa mlango wa abiria. Kama loki za milango hazifuati rimoti, huenda mlango wa dereva hauna mota, bali una swichi tu. Magari ya zamani mengi yako hivyo, na dawa ni kuongeza mota ya loki katika mlango huo.

Kuchagua alamu ya bei nafuu

Baada ya kuyaona hayo, vigezo vinajitokeza vyenyewe. Nunua alamu yenye namba ya siri inayobadilika kila unapobonyeza, kwa sababu ile ya namba isiyobadilika inaweza kunakiliwa na mtu aliyesimama karibu. Hata KeeLoq haikosi udhaifu, na mwaka 2008 watafiti wa chuo kikuu cha Bochum, Ujerumani, waliuonyesha hadharani, lakini bado inamzuia mwizi wa kawaida ambapo namba isiyobadilika haimzuii. Hakikisha sensa ya mtikisiko ni kipande cha pekee chenye skrubu, si kile kilichojengwa ndani ya kisanduku, ili uweze kuifunga kwenye chuma. Boksi liwe na rimoti mbili, kijitabu chenye mchoro wa waya, na betri ya rimoti ya aina inayouzwa dukani popote. Pesa ikibaki, iende kwenye king'ora chenye betri yake, kwa maana mwizi mzoefu hukimbilia waya za betri.

Kinachopandisha bei bila kuongeza ulinzi ni kuwasha injini kwa mbali. Kwa gari la gia za mkono kipengele hicho ni hatari, kwani gari lililoachwa kwenye gia litaruka mbele likiwa halina mtu.

Kabla ya kununua chochote, kagua kama gari lina imobilaiza ya kiwandani, yaani kifaa kinachozuia injini kuwaka bila ufunguo wake wenye chipu. Ulaya ilikuwa sharti kwa magari mapya tangu 1998, lakini magari mengi madogo yaliyotengenezwa kwa soko la Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambayo ndiyo yamejaa mitaani kwetu, hayana. Ikiwa ufunguo wa chuma uliochongwa kando ya barabara unaweza kuliwasha gari lako, halina, na rilei ya kukata stata inakuwa sehemu muhimu kuliko king'ora.

Nalazimika pia kusema wazi kwamba alamu haitalinda vioo vya pembeni. Mkono mwepesi unaokibandua kioo hautikisi gari vya kutosha, na ukiongeza wepesi wa sensa mpaka imhisi mwizi huyo, haitakuacha ulale. Vioo vinalindwa kwa kuchorwa namba ya gari na kupigwa ribiti.

Kuifunga isije ikarudi gereji

Fundi anayeomba nusu siku kwa kazi hii usimwone mvivu. Yule anayeahidi dakika arobaini ndiye anayesokota waya. Ethi ikwanguliwe rangi mpaka bati ling'ae, ibanwe kwa boliti na kichwa cha waya chenye tundu, kisha ipakwe grisi. Viungo vilehemiwe kwa risasi na kufunikwa mpira unaonywea kwa joto. Waya wa umeme wa betri uwe na fyuzi karibu kabisa na mahali unapoanzia, na unapopita kwenye ukuta wa injini upite ndani ya mpira, usisuguane na ukingo wa bati, kwa kuwa hapo ndipo moto huanzia. Waya zenye ala ya njano ni za mifuko ya hewa. Zisiguswe kabisa, hata kwa taa ya kupimia. Waya za kompyuta ya gari zipimwe kwa mita, si kwa taa.

Kisanduku kiwekwe juu ndani ya deshibodi, soketi zake zikitazama chini ili maji yasiingie, mahali ambapo mkono wa mwizi hautafika kwa sekunde chache. King'ora kiwe ndani ya boneti, mdomo wake ukitazama chini, mbali na ekzosi.

Kabla ya kulipa, acha kioo kimoja wazi, funga gari kwa rimoti, subiri nusu dakika, kisha ingiza mkono na ufungue mlango kwa ndani. Rudia kwa kila mlango, kwa buti, na kwa boneti. Jaribu kuwasha gari alamu ikiwa imewashwa, uone stata inakataa. Fungua waya wa hasi wa betri wakati king'ora kinalia, usikilize kama kinaendelea. Mwisho, mwambie fundi aandike kwenye karatasi rangi ya kila waya alioukata na mahali alipoificha rilei na kile kitufe cha dharura, na karatasi hiyo uiweke ndani ya kijitabu, nyumbani, si ndani ya gari.